Kimya cha Juu ya Timbo

Jiwe liliposhuka halikumpata mtu. Lilipata toroli, likalikunja vyuma vyake vyote, na vumbi jeupe likapanda mpaka ukingoni alikosimama Musyoka na mtaimbo mkononi. Chini kule, hatua chache tu kutoka pale lilipoangukia, Kitsao alikuwa amesimama na dumu la maji, mdomo wazi. Alikuwa ameondoka wakati huo huo kwenda kunywa. Kiu ndiyo iliyomwokoa, si mtu.

Kila timbo la mawe huko Mwakirunge lina desturi zake, na hili lilikuwa na moja ambayo hapakuwa na wa kuichezea. Aliye juu habandui jiwe kabla ya kuita. Huita "Toka chini!" kwa sauti ya kuishinda mashine ya kukatia mawe, na aliye chini huacha alichoshika akakimbia, haulizi wala hajibu. Kazi ya kuita haikupewa mtu wa hivi hivi. Wenzake walimpa Musyoka kwa sababu halewi, hatafuni majani ya muguka, na Jumapili hukaa mbele kabisa kanisani akiwa mzee wa kanisa. Waliona mtu wa aina hiyo anaweza kukabidhiwa shingo zao.

Menza, msimamizi wa timbo, alikuja mbio akiuliza kama mtu aliitwa au hakuitwa. Musyoka alifungua kinywa, lakini Jafar wa mashine alimtangulia.

"Ameita," alisema Jafar akijipangusa vumbi usoni. "Wallahi nimemsikia kwa masikio yangu haya."

Mwingine akasema hata yeye amesikia, na wa tatu akaongeza kwamba sauti ilikuwa kubwa kuliko ya jana. Watu hawa hawakuwa waongo. Walikuwa wameusikia mwito ule siku zote za kazi yao, basi jiwe lilipoanguka, vichwa vyao vikajazia wenyewe kilichopungua. Menza akamgeukia Kitsao na kumfokea: ameitwa, mbona hakutoka? Kitsao, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa la kusema, alitazama toroli, akatazama juu, akasema kwa sauti ndogo kwamba hakusikia.

Na kweli hapakuwa na cha kusikia. Musyoka hakuita. Aliliona jiwe likianza kuachia, akamwona Kitsao ameinama pale pale linapoangukia, mgongo juu. Mwito ukamfika kooni, naye akaushikilia hapo. Haukuwa muda mrefu, ila ulikuwa muda wa kutosha.

*

Kisa chenyewe kilikuwa cha viti. Fancy, binti yake, alikuwa amependana na Jacktone, kijana wa ghala moja la Changamwe, na watu wa Jacktone walitaka kuja kujitambulisha nyumbani Mishomoroni. Kabla ya kuja, kama afanyavyo kila mwenye akili, walikwenda kuulizia kwanza. Wakafika timboni siku ambayo Musyoka hayupo, wakamkuta Kitsao amekaa kivulini. Kitsao akawaambia Musyoka ni mtu mzuri, mchapa kazi, mcha Mungu, ila hasira zake unaweza kuchemshia chai. Akasimama akawaigizia jinsi Musyoka anavyolipiga teke toroli likimpindukia, kisha akawauliza, kama baba ndiye huyo, binti akiunguza ugali itakuwaje? Akacheka yeye, wakacheka na wale wageni. Kitsao alidhani wamecheka kitu kimoja.

Jumamosi ya miadi mkewe Nafula alipika kuku na pilau, akaazima viti vya kanisa, akavipanga uani. Viti vikakaa uani mpaka kivuli kikahamia upande wa pili, na hakuna mgeni aliyevikalia. Majirani walipita wakaamkua, na kila aliyeamkua alivitazama viti kwanza. Jioni Musyoka mwenyewe ndiye aliyevirudisha kanisani, viwili viwili, akipita mbele ya watu wale wale, na kila safari mtu alimuuliza kama wageni wamekwishaondoka.

Usiku ule Jacktone alimweleza Fancy kwa simu yale aliyoyasema na kuyaigiza Kitsao, na tangu hapo Musyoka alimchukia Kitsao kwa bidii. Alijua ni dhambi, kwa hiyo alimwombea. Lakini kila alipomtaja mbele za Mungu ilibidi amkumbuke kwanza, ule mguu ukipiga teke la kuigiza, yale meno yakicheka, na akimaliza kuomba huwa amewaka kuliko alivyoanza. Mtu anaweza kupiga magoti usiku kucha na asiondoke alipo. Musyoka aliondoka, lakini kuingia ndani zaidi ya chuki.

*

Timboni walianza kumjaribu Kitsao. Mtu alimwendea kwa nyuma akamwita, na akichelewa kugeuka wenzake walitazamana wakatikisa vichwa. Akigeuka upesi walisema amebahatisha. Jafar alisema ni mashine, kwamba mtu akikaa karibu nayo miaka mingi masikio hujifia kimya kimya, na kwamba yeye mwenyewe sikio la kushoto si la kutegemea. Mwisho Menza akaamua. Kitsao asishuke tena chini ya ukingo mpaka apate daktari wa kusema masikio yake ni mazima, na timbo halikuwa na kazi nyingine ya kumpa. Musyoka alikuwepo. Alikuwa anakunja kamba, akaendelea kuikunja hata ilipokwisha.

Jumamosi alikuwa na darasa lake la watu wazima wanaojiandaa kubatizwa. Somo lilikuwa limepangwa zamani, na lilikuwa amri ya kutoua. Alifundisha kama alivyofundishwa, kwamba Yesu hakuiacha amri ile mkononi, aliifuata mpaka ndani ya kifua, akasema anayemkasirikia ndugu yake na kumdharau amekwisha kusimama mbele ya hakimu yule yule wa muuaji. Alipofika hapo aliomba maji. Nyuma ya darasa alikaa Mapenzi, mke wa Kitsao, mwanamke mtaratibu ambaye kwa kawaida hakuuliza kitu.

Siku hiyo aliinua mkono. "Mwalimu, yule aliyeuawa kwa moyo tu, na yu hai, anakula, analala, huyo ataombwaje msamaha? Maana mwenyewe hajui kama aliuawa."

Musyoka akasema msamaha huombwa kwa Mungu.

"Na yule mtu je?" aliuliza Mapenzi.

Hakuwa anamtega. Alikuwa anataka kujua, basi. Musyoka akatazama nje, akasema saa zimekwisha.

Nyumbani hakuweza kukaa. Alioga, akavaa, akaenda mpaka kwenye lango, akarudi, akaenda tena. Nafula alimtazama akihangaika hivyo mpaka akachoka, akamwambia kama ana mdudu kwenye suruali amtoe. Ndipo akamwambia. Alimwambia kwa maneno machache sana, amesimama, amempa mgongo.

Nafula alikaa kitako juu ya ndoo. Kitu cha kwanza alichouliza ni nani mwingine anayejua. Aliposikia kwamba hakuna, alivuta pumzi.

"Basi hakufa, Baba Fancy," alisema. "Mtu hakufa. Utakwenda kujishtaki kwa maiti gani?"

Akaendelea kwa sauti ya chini, maana kuta za nyumba zile ni za majirani wawili. Alisema mumewe akisema haya timboni, neno la Kitsao kwa watu wa Jacktone litakuwa si utani tena, litakuwa ushahidi. Alisema Fancy hajaweka chakula cha maana mdomoni tangu siku ya viti. Alisema mwanamume mwenye mapenzi na mtoto wake angejua kunyamaza. Musyoka akapiga meza kwa kiganja, kikombe kikaruka kikavunjika, akapaza sauti kwamba asifundishwe yeye kupenda mtoto wake. Fancy alikuwa mlangoni na karai la nguo. Aliingia, akaokota vipande vya kikombe kimoja kimoja, akatoka navyo.

"Ndiyo hayo," alisema Nafula.

*

Kitsao mwenyewe alikuja Jumatatu jioni, jua bado lipo. Fancy alimwamkua, akaitikia marahaba kwa nguvu isiyohitajika, kama watu wanaoogopa kuwa hawakusikia vizuri. Alikaa ukingoni mwa kochi. Musyoka alisimama.

"Mzee Musyoka, mimi n'mekuja na mambo mawili," alisema. "La kwanza ni kuomba radhi. Wewe uliniita, mimi sikusikia. Ningekufa pale ningekuachia mzigo wa maneno ya watu, na hukuwa na kosa."

La pili lilimshinda kulianza. Alizunguka kwanza, akauliza habari za kanisa, akasifu nyumba, kisha akasema amesikia kwamba watu wa Changamwe waliacha kuja. Mkewe ndiye aliyemwambia, tena kwa kumgombeza. Hakujua. Yeye alikuwa anafanya mzaha, na mzaha ni ugonjwa wake tangu utotoni. Sasa ameazimia kwenda Changamwe kwa miguu yake, awaambie aliwadanganya.

"N'tawaambia mtu niliyemharibia jina ndiye aliyepiga kelele nisife," alisema Kitsao. "Mwenye hasira angenyamaza. Si ndivyo?"

Nafula alikuwa jikoni. Vyombo alivyokuwa akiviosha vilikoma kugongana.

Musyoka alisema, "Hakuna haja ya kwenda." Kitsao aliinamisha kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akaomba arudiwe. Musyoka akarudia. Lakini Nafula alitoka jikoni akijifuta mikono, akamwambia Kitsao aende, Mungu atambariki, na asichelewe. Kwa hiyo Kitsao akaenda. Na Musyoka, tuseme ukweli, alikasirika tena. Alikasirika kwa sababu mtu aliyemchukia amekuja kumtendea mema, na sasa hata chuki yake haikuwa na pa kukaa.

*

Watu wa Jacktone walikuja Jumapili baada ya ibada. Viti vya kanisa vilirudi uani. Alikuja Jacktone na mjomba wake, na aliyekuwa msemaji ni shangazi yake Roseline, mama mnene mwenye sauti ya kuuza samaki, ambaye alikagua uwanja, mlango, na kucha za Fancy kabla hajakaa. Kitsao alikuja na Mapenzi. Alikuwa amevaa shati la kuazima lenye mikono mirefu kuliko yake, na alikaa karibu sana na Roseline ili amsikie. Roseline, ambaye angesikika mpaka Bamburi, alisogeza kiti pembeni kidogo.

Chakula kilikuwa bado hakijaandaliwa. Roseline alisema yeye hapendi kuzunguka. Walisikia jambo, likawatisha, maana katika ukoo wao kuna binti aliyeolewa nyumba ya baba mwenye mikono myepesi ya kupiga, na mumewe akarithi tabia hiyo ya baba. Sasa aliyesema jambo hilo amekuja kulifuta, na wangependa alifute mbele ya wote. Kitsao aliinama mbele, kiganja nyuma ya sikio.

"Samahani mama, sijasikia vizuri."

Roseline akarudia kwa kelele, majirani wakasikia. Kitsao akasimama, akaanza kueleza habari za jiwe. Alizieleza vizuri, maana alikuwa msimulizi, lakini kila alipofika mahali mtu akikohoa alisimama, akageuza kichwa, akatazama midomo ya watu kama ametupwa nchi ya lugha ngeni. Masikio yale yalikuwa mazima kama ya paka. Mapenzi alikuwa ameshamwambia Nafula kwamba nyumbani anasikia panya darini, lakini ukimwambia hivyo anakataa, anasema ni kuhisi tu, si kusikia. Amekubali. Timbo zima limemwambia ameitwa, naye mwenyewe hakusikia mwito, kwa hiyo ameacha kuyaamini masikio yake aliyozaliwa nayo.

Musyoka aliliona hilo na kitu kikamvunjika. Hakikuwa cha utakatifu sana. Ilikuwa aibu, aibu ya kumtazama mtu mzima anayejilemaza kwa ajili ya uongo wako.

"Kaa, Kitsao," alisema.

Kitsao akaweka mkono sikioni.

"Teremsha huo mkono. Unasikia. Siku ile sikuita."

Nafula alifumba macho. Roseline aliuliza ana maana gani, na Musyoka akamjibu yeye lakini akimtazama Kitsao. Alisema alimwona yuko chini ya jiwe, na mwito ulikuwa tayari mdomoni, akaumeza kwa kutaka. Alisema Jafar na wenzake wanadhani walisikia, hawakusikia, hakuna mtu duniani aliyesikia. Alisema yote ambayo Kitsao aliwaambia watu wa Changamwe ni kweli, na hata hayo aliyapunguza.

Mtoto wa jirani aliacha kucheza. Kitsao alikuwa bado amesimama. Alishika sikio la kulia, kisha la kushoto, taratibu.

"Kwa hiyo mimi ni mzima," alisema.

"Mzima."

"Na ulitaka nife."

"Nilitaka."

"Na sasa?"

Musyoka alijua jibu linalopasa, alilifundisha kila mwaka. Alitafuta ndani yake aone kama lipo. "Sasa sijui," alisema. "Hata ulipoingia leo nilikuchukia kidogo."

Mapenzi alilia bila sauti. Roseline aliokota mkoba wake, akamwambia Jacktone wainuke. Jacktone alimtazama Fancy, akasitasita, akainuka. Langoni alisema atampigia simu, na shangazi yake akasema hayo yataonekana. Kitsao alikuwa wa mwisho kutoka. Nafula, kwa kuwa hakujua afanye nini, alimwambia chakula kiko tayari, na Kitsao akamjibu kwa adabu yake yote, "Ahsante shemeji, lakini katika nyumba hii leo siwezi kumeza."

Fancy alibaki akikusanya sahani ambazo hazikupakuliwa. Musyoka alimwendea, akasema anajua amemharibia. Fancy aliendelea kupanga sahani.

"Afadhali umesema kabla sijaolewa," alisema. "Lakini usiniombe nifurahi."

*

Asubuhi Musyoka alifika timboni mapema, akawasubiri wote, akawaambia kabla mashine haijawashwa. Aliyekasirika kuliko wote alikuwa Jafar.

"Umeniapisha uongo," alisema. "Nimemtaja Mwenyezi Mungu kwa kitu ambacho hakikuwepo." Ukweli ni kwamba hakuna aliyemlazimisha kuapa, na yeye alilijua hilo, ndiyo sababu hasira zake zilikuwa kubwa.

Menza alimwambia Musyoka akusanye vitu vyake aondoke. Alisema yeye hawezi kulala na mtu kama huyo juu ya vichwa vya watu. Wengi wakaunga mkono. Kitsao alikuwa amekaa juu ya tofali la jiwe. Akanyoosha mkono.

"Nipeni mtaimbo," alisema. "Mimi ndiye niliyenusurika kuuawa, si nyinyi. Mimi n'takwenda juu, n'ite. Yeye achukue toroli."

Menza akakubali, lakini kwa siku moja tu ya kutazama.

Musyoka hakuwa amefanya kazi ya chini kwa miaka. Alikuwa amesahau kwamba aliye chini hawezi kutazama juu, maana akitazama juu hapakii mawe. Aliinama, akapakia, shingo imemkaza. Kitsao aliita, naye akakimbia, jiwe likashuka, akarudi. Aliita tena, akakimbia tena. Kila mwito ulikuja wazi na mapema, na kila mara Musyoka alijiambia kwamba huu ndio wa mwisho utakaokuja. Mashine ilikuwa inanguruma upande wa pili. Jasho lilimwingia machoni.

Karibu na mapumziko ya chai alihisi mchanga mdogo ukimwangukia shingoni. Aliujua mchanga huo. Kabla jiwe halijaachia, hutangulia huo. Alisubiri mwito, na mwito haukuja. Angeweza kukimbia. Miguu yake ilitaka. Lakini alijiuliza ana haki gani ya kukimbia kabla ya kuitwa, yeye? Akabaki ameinama, mikono juu ya toroli, akisikiliza.

"Toka chini! Toka!"

Sauti ilikuja imepasuka. Musyoka alijirusha pembeni, na jiwe likaja nyuma ya visigino vyake, likamnyunyizia vumbi mgongo mzima. Jafar akazima mashine. Vumbi lilipotulia Musyoka alimwona Kitsao ukingoni, ameuangusha mtaimbo. Kitsao aliteremka ngazi ya mawe kwa kushikilia ukuta kama mgonjwa, akaja mpaka karibu naye. Wenzake walikuwa wanauliza kuna nini, mbona amechelewa kuita.

Hakuwajibu wao. Alimwambia Musyoka, kwa sauti ambayo ni wao wawili tu waliisikia, "Na mimi n'liushika mwito kooni. Sikujua kama na mimi nina moyo huo."

Musyoka alimshika mkono, na Kitsao akauacha ushikwe. Menza aliwapigia kelele kwamba kazi inasubiri, mmoja wao apande juu akaite. Mtaimbo ulikuwa umelala kule ukingoni, na hakuna kati yao aliyekwenda kuuchukua.